Barakoa ya nusu uso yenye vichujio vya mvuke: tathmini kwa askari wa zamani wanaofanya kazi ya rangi

Barakoa ninayoitathmini hapa ni ile ya mpira laini inayofunika pua, mdomo na kidevu, yenye vichujio viwili vinavyofungwa kwa kuzungushwa, kimoja kila upande wa shavu, na vali ndogo ya kutolea pumzi mbele ya mdomo. Niliinunua katika duka la vifaa vya usalama hapa Lubumbashi, mojawapo ya yale yanayowauzia wafanyakazi wa migodi kofia ngumu na mabuti, kwa ajili ya garaji la yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, lililoko Katuba, mtaa wa mji huu, ambako yeye na wenzake, karibu wote askari wa zamani, hunyoosha mabodi ya magari na kuyapaka rangi. Imetumika huko tangu kiangazi hadi mvua zikarudi. Ninaiona kuwa kifaa kizuri na ninawashauri wenye kazi kama hiyo wainunue. Hata hivyo, mtu akiivaa bila kujua inazuia nini na inaacha nini kipite, itampa ujasiri wa kukaa penye sumu muda mrefu kuliko alivyokuwa akikaa zamani, alipokuwa akitoka nje kila mara kutafuta hewa.

Mimi ni muuguzi na mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kliniki ya wajawazito. Ndiyo sababu sikuridhika na tathmini ninazozisoma za vifaa hivi, ambazo husifu mikanda na wepesi wa mpira bila kusema neno juu ya watoto ambao mvaaji anataka kuwazaa.

Askari aliyefanya kazi katika karakana ya jeshi huwa ameanza kuvuta mvuke wa viyeyushi, yaani vimiminika kama petroli vinavyoyeyusha rangi na grisi, miaka mingi kabla hajafungua garaji lake mwenyewe. Yaya yangu aliosha bunduki kwa petroli, akasugua vipuri vya injini kwa mikono mitupu ndani ya pipa lililokatwa katikati, akapaka rangi malori kwa pistole, yaani kifaa cha kupulizia rangi, ndani ya banda lililofungwa ili vumbi lisishike kwenye rangi mbichi. Glavu hazikuwepo. Alipotoka jeshini, ufundi huohuo ndio uliomlisha, kwa hiyo alihama kutoka petroli ya kusafishia silaha akaingia kwenye diluant ya kupunguzia rangi, na mwili wake haukupumzika hata kidogo. Hali ni hiyo kwa wengi wa wenzake, na miaka yao ya sare haina budi kujumlishwa na ile ya garaji kila tunapopima hatari waliyomo.

Diluant inayouzwa kwa lita katika chupa za maji zilizotumika, bila lebo yoyote, ni mchanganyiko. Mara nyingi ndani yake mna tolueni, zaileni na asetoni, na pengine vitu vingine ambavyo muuzaji mwenyewe hawezi kuvitaja. Mvuke wake huingia kwenye mapafu, ukafika kwenye damu, na kwa kuwa hupenda kukaa penye mafuta, hukimbilia kwenye ubongo na ini. Kichwa kuuma, kizunguzungu, ile hali ya kulewa bila kunywa ambayo mafundi huizoea na hata kuizungumza kwa kicheko, yote hayo ni dalili kwamba ubongo tayari umepokea kipimo chake. Kwa waliokaa humo miaka mingi, madaktari wa nchi za Skandinavia waliona tangu miaka ya 1970 wapaka rangi waliopoteza kumbukumbu, wakawa na hasira za ghafla na usingizi usiotulia. Mke wa askari wa zamani akisikia maneno hayo huwa anadhani yanazungumzia vita peke yake. Vita vina sehemu yake, lakini pipa lile la petroli nalo lina yake, na daktari asiyeuliza habari za pipa atatibu nusu ya mgonjwa.

Petroli nayo ina kemikali iitwayo benzini ndani yake, na benzini huharibu uboho, yaani kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Mwaka 2003 kamati ya wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani, iliyopewa kazi ya kuchunguza viyeyushi na dawa za wadudu ambavyo huenda askari wa vita vya Ghuba vya 1991 walikutana navyo, ilihitimisha kwamba ushahidi unatosha kuihusisha benzini na saratani kali ya damu na upungufu wa damu unaotokana na uboho kushindwa kufanya kazi. Kiyeyushi kingine, trikloroethileni, ambacho majeshi na viwanda vingi duniani vilikitumia kuondolea grisi kwenye vyuma, kiliwekwa mwaka 2012 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana wazi kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya figo.

Mfano wa askari na viyeyushi uliochunguzwa kwa kina zaidi unatoka huko huko Marekani, katika kambi ya wanamaji ya Camp Lejeune, jimbo la North Carolina. Kuanzia Agosti 1953 hadi Desemba 1987 maji ya kunywa na kuoga ya kambi hiyo yalikuwa na trikloroethileni, perkloroethileni, benzini na kloridi ya vinili, baadhi yake kutoka kwa dobi wa kemikali aliyekuwa jirani na kambi, baadhi kutoka kwenye matangi ya mafuta yaliyovuja ardhini. Askari walikunywa, wake zao wakapikia, watoto wakaogeshwa. Ilichukua hadi mwaka 2012 ndipo sheria ikawapa waliokaa hapo, pamoja na familia zao, haki ya matibabu ya magonjwa na hali 15, na ninaomba msomaji aone kwamba katika orodha hiyo, pamoja na saratani mbalimbali, wamewekwa wanawake wasioshika mimba na mimba zinazoharibika. Mwaka 2017 magonjwa 8 yakakubaliwa kwa ajili ya fidia ya askari wenyewe, na ugonjwa wa Parkinson, ule wa mwili kutetemeka na kukakamaa, ni mmojawapo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 uliwalinganisha waliotumikia Lejeune na wenzao wa kambi ya Camp Pendleton huko California, ambako maji hayakuwa na sumu hiyo, ukakuta kwamba hatari ya Parkinson kwa wale wa Lejeune ilikuwa juu kwa asilimia 70. Wao walikunywa, mafundi wetu wanavuta kwa pua na kuloweka ngozi. Njia ya kuingilia si moja, lakini viyeyushi ni vya ukoo mmoja, na jambo ninalolichukua kutoka kwao ni kwamba nchi ilikubali kwa sheria kuwa madhara ya kazi ya askari yanaweza kumfikia mke na mtoto.

Sasa nirudi kwenye barakoa yenyewe, maana kila sifa yake na kila kasoro yake inapaswa kupimwa kwa kigezo hicho.

Mpira wake ni laini, haukwaruzi pua, na mikanda miwili, mmoja wa kisogoni na mmoja wa shingoni, hurekebishwa bila kuivua. Katika joto la mwezi wa kumi jasho hujikusanya kidevuni, lakini vali ya mbele hutoa pumzi vizuri kiasi kwamba fundi anaweza kupaka mlango mzima wa gari bila kuhisi anakabwa. Kuzungumza ukiwa umeivaa ni kazi. Mafundi wamezoea kuelewana kwa ishara za mikono, jambo ambalo watu waliopitia jeshini hawakuhitaji kufundishwa.

Kikwazo kikubwa kilikuwa ndevu. Mpira hauwezi kushikana na ngozi penye nywele, na mvuke hupita kwenye mwanya mdogo kuliko unene wa kucha. Mmoja wa mafundi, aliyekuwa sajenti, ambaye ndevu zake zimejaa na zina mvi za heshima, aliniambia, "Mama, jeshini waliniamuru kunyoa kila asubuhi. Ndevu hizi ndizo zinazonionyesha kwamba sasa mimi ni raia." Nilimjibu kwamba nazielewa, Papa, na kwamba sitamwamuru, nikamwomba tu tufanye jaribio. Aliivaa, akaziba vichujio vyote viwili kwa viganja vyake, akavuta pumzi ndani. Barakoa iliyokaa sawasawa hunywea na kubana uso kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa hewa haina pa kuingilia. Ya kwake haikunywea hata kidogo: hewa ilikuwa ikipita kando ya taya kana kwamba hajavaa kitu. Mwenzake aliyenyoa alipofanya vilevile, mpira ulimshika mpaka macho yakamtoka. Sajenti hakusema neno. Siku iliyofuata alikuja na masharubu peke yake, yaliyokatwa yakaishia ndani ya mpaka wa mpira, na masharubu ya namna hiyo hayana tatizo. Jaribio hilo lifanywe kila mara barakoa inapovaliwa, si siku ya kuinunua tu, kisha la pili lifuate: kuziba vali ya mbele kwa kiganja na kupuliza taratibu, ili kuona kama hewa inavuja pembeni.

Kuhusu vichujio, hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteza fedha zao. Kichujio hutambulika kwa rangi ya mkanda wake. Kwa vile vya mfumo wa Ulaya, ambavyo ndivyo duka hili linavyouza, rangi ya kahawia yenye herufi A ndiyo ya mvuke wa viyeyushi kama tolueni na zaileni. Kijivu, njano na kijani ni vya gesi nyingine, kijani kikiwa cha amonia. Nyeupe yenye herufi P ni ya vumbi na matone tu. Vya mfumo wa Marekani vya mvuke wa viyeyushi vina mkanda mweusi. Kwa kazi ya pistole unahitaji mvuke na matone yazuiwe pamoja, kwa hiyo tafuta chenye kahawia na nyeupe pamoja, kilichoandikwa A2P3 au karibu na hapo. Barakoa za kitambaa, zile za hospitali ninazovaa mimi mwenyewe kazini, na zile nyeupe za vumbi la saruji hazizuii mvuke hata kidogo, hata ukizivaa tatu kwa mpigo.

Ndani ya kichujio cha kahawia mna mkaa ulioandaliwa kwa namna maalumu, wenye vitundu vingi mno, ambao hunasa mvuke unapopita. Mkaa huo ni kama kitambaa cha kudekia: kikishajaa hakinyonyi tena, kinasukuma tu. Hakuna idadi moja ya saa inayofaa kwa kila garaji, kwa sababu joto, unyevu wa masika, wingi wa rangi na hata nguvu ya pumzi ya fundi hubadilisha muda wake. Wengi husubiri mpaka wasikie harufu. Harufu ikisikika, kichujio kimekwisha tangu zamani kidogo, na tatizo jingine ni kwamba pua ya mtu aliyeishi na diluant kwa miaka imechoka, inaweza isisikie kitu. Pale Katuba wameweka daftari: kila aliyepaka rangi anaandika tarehe, saa alizofanya na aina ya rangi, na kichujio hubadilishwa kwa hesabu hiyo bila kuisubiri pua.

Daftari hilo limeleta faida ambayo sikuitarajia. Nikimwandikia mmoja wa mafundi barua ya kwenda kwa daktari, sasa ninaweza kusema amefanya kazi na nini na kwa muda gani. Kwa miaka ya jeshini hakuna karatasi ya namna hiyo, kwa hiyo nimewaomba waiandike kwa kumbukumbu kwenye kurasa za nyuma: karakana gani, miaka gani, waliosha vyuma kwa nini, walipaka rangi ndani au nje, nani alikuwa nao. Wakikaa pamoja wanakumbushana, na mmoja humsahihisha mwenzake.

Jambo jingine la kichujio ni mahali pa kukihifadhi. Nilipokwenda kukagua niliikuta barakoa imetundikwa kwenye msumari kando ya kompresa, mita chache kutoka kwenye makopo ya rangi yaliyo wazi. Mkaa haujui kwamba kazi imekwisha. Unaendelea kunywa mvuke usiku kucha. Tangu hapo inakaa kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko unaobana, katika chumba kingine. Na kwa sababu hiyohiyo ninamsihi mtu yeyote asinunue vichujio vilivyofunguliwa ambavyo baadhi ya wachuuzi huvipanga chini sokoni pamoja na mabuti yaliyotoka migodini. Havina namna ya kuonyesha vimekula nini, na bei yake rahisi haina faida yoyote.

Barakoa hii ina mipaka, na duka halikunieleza hata mmoja. Haitengenezi hewa, inachuja tu iliyopo, kwa hiyo kamwe isitumike kuingilia ndani ya tangi la mafuta au shimo lenye mvuke mzito: huko mtu anakufa kwa kukosa oksijeni akiwa na barakoa nzuri usoni. Rangi na vanishi za kisasa zinazochanganywa na dawa ya kugandisha zina kemikali ziitwazo isosaineti, ambazo husababisha pumu ngumu na hazitoi onyo la harufu. Kinachopendekezwa kwa kazi hiyo ni kifaa kinacholeta hewa safi kwa bomba la mpira kutoka nje. Yaya yangu hana uwezo wa kukinunua kwa sasa, hivyo vanishi hiyo wanaipaka mara chache, uwanjani, upepo ukiwa mgongoni, na wengine wote wakiwa mbali. Hilo ni kupunguza hatari, halijaiondoa.

Mpaka mwingine ndio unaoniuma zaidi kama mkunga: barakoa haifuniki ngozi wala nguo.

Mafundi hunawa mikono kwa diluant kutoa rangi. Wanafanya hivyo kila jioni, na viyeyushi vingi hupenya ngozi vikaingia kwenye damu, hasa ngozi iliyokauka na kupasuka kwa sababu ya viyeyushi hivyohivyo. Sabuni, mafuta ya kula kidogo na kitambaa kikavu hutoa rangi pia, ila huchukua muda. Glavu nyembamba za hospitali, ambazo watu hunililia niwapatie, hupitisha tolueni ndani ya dakika chache. Za nitrili, zile za bluu au nyeusi, ni bora kwa petroli na matone ya rangi, lakini asetoni huzipita haraka, kwa hiyo zikilowa zitupwe. Nazo bwelasuti za kazi zilizolowa mvuke na rangi hupelekwa nyumbani kufuliwa, na anayezifua ni mke, mara nyingi kwa mikono, mara nyingine akiwa na mimba ya miezi miwili ambayo hajaitambua.

Ninayoyajua kuhusu mimba na viyeyushi hayaniruhusu kunyamaza. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya wanawake 125 wa Toronto, Kanada, waliofanya kazi na viyeyushi wakiwa wajawazito na kufuatiliwa hadi kujifungua. Watoto 13 walizaliwa na kasoro kubwa, ambapo katika kundi la kulinganisha la wanawake wa idadi hiyohiyo alikuwa mmoja. Karibu kasoro zote zilitokea kwa akina mama ambao viyeyushi viliwaletea dalili kazini. Mama anayeniambia kwamba harufu ya nguo za mumewe inamtia kizunguzungu anasema jambo la maana, na hapaswi kuambiwa kwamba ni mimba changa inayomsumbua. Tafiti nyingine zimeona mimba nyingi zaidi zikiharibika, na wanawake wakichelewa kushika mimba, pale walipofanya kazi na viyeyushi kwa wingi.

Kwa upande wa wanaume, baadhi ya viyeyushi viitwavyo etha za glikoli, vilivyokuwa zikitumika sana katika rangi na vanishi, vimeonekana kupunguza idadi ya mbegu za kiume, na wapaka rangi wa meli ni miongoni mwa waliochunguzwa. Hapa kwetu wenyewe, utafiti uliofanywa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Planetary Health ulikuta kwamba watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na migodi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa na kasoro. Utafiti huo ulihusu madini na si viyeyushi, nisieleweke vibaya. Lakini unasema waziwazi, kuhusu watu wa mji huu, kwamba kazi ya baba inahusika.

Na hilo ndilo gumu kuliko yote kulisema kliniki. Ndoa ikikosa mtoto, familia humtazama mwanamke, humpeleka kwa waombaji na kwa waganga, humwongezea mke mwenza, na mume aliyewahi kuwa askari ndiye wa mwisho kukubali kupimwa, kana kwamba kipimo kitamvua cheo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2023, karibu mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo la kukosa uzazi wakati fulani wa maisha yake, na mwanaume huwa na sehemu katika karibu nusu ya visa. Kipimo cha mbegu hufanyika katika maabara kubwa za mjini, baada ya kujizuia na tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7. Mbegu mpya huchukua takribani siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo mwanaume aliyeanza kujikinga leo asubiri miezi mitatu hivi kabla ya kurudia kipimo, na asikate tamaa kwa jibu la mwezi wa kwanza. Kwa viyeyushi kadhaa hali hurudi kuwa nzuri mtu akipunguza kukutana navyo. Kwa haki, ninawaambia pia akina mama kwamba mimba nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa hitilafu za kromosomu zisizo na uhusiano na kosa la mtu yeyote, na kwamba sina kipimo cha kuthibitisha kuwa hii yako imetoka kwa sababu ya diluant ya mumeo. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna sababu ya kuendelea kuijaribu.

Niongeze neno kuhusu maziwa, kwa kuwa kila garaji linayanunua. Mafundi hunywa kopo la maziwa baada ya kupaka rangi wakiamini yanasafisha kifua. Ni chakula kizuri na sitawazuia. Hayatoi kiyeyushi kilichokwisha kuingia kwenye damu, na fedha za maziwa ya mwezi mzima zinakaribia bei ya jozi ya vichujio.

Kuhusu bei, nililipa dola 35 kwa barakoa pamoja na jozi ya kwanza ya vichujio, na jozi ya kubadilisha ni dola 12. Kwa garaji linalopaka gari moja au mawili kwa wiki gharama hiyo inabebeka ikiingizwa kwenye bei anayotozwa mwenye gari, na yaya yangu sasa anaiandika kwenye ankara kama anavyoandika mastiki na msasa, wateja hawajalalamika. Ingekuwa lazima nichague kwa mwenye fedha chache, ningesema aanze kwa yale yasiyohitaji fedha: kupaka rangi mahali penye upepo, kuacha kunawa kwa diluant, kuvua nguo za kazi garajini na kuziosha hukohuko, na mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta asiziguse. Barakoa ije baada ya hapo, na barakoa moja isigawanywe kwa watu watatu, kwa sababu mikanda huvurugwa na hakuna anayeijaribu upya.

Kwa huduma ya duka siwezi kutoa alama nyingi. Muuzaji alikuwa na adabu, akanipa risiti na kukubali kubadilisha kichujio kimoja ambacho mfuko wake ulikuwa umepasuka, lakini alikuwa tayari kuniuzia vya kijani kwa kuwa vya kahawia vilikuwa vimeisha siku ile, akisema ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Angalia pia tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye kichujio, kwani vilivyofungwa navyo huzeeka. Maelezo ndani ya boksi yameandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza kwa herufi ndogo sana. Nimeyaandika upya kwa Kiswahili kwenye kipande cha boksi na kukibandika ukutani penye kopo la barakoa. Duka lina saizi ya kati tu. Fundi mwembamba zaidi wa pale Katuba haikumkaa hata kwa kukaza mikanda yote, na tulilazimika kuagiza ndogo kwa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Zambia, kwa hiyo mwenye uso mdogo aombe kuivaa na kufanya lile jaribio la viganja mlemle dukani kabla ya kulipa.